Sumina na Uboho wa Dada Yake

Wavulana wa Takyiwaa walizaliwa wazuri, na hilo ndilo lililotuchanganya. Mtoto akizaliwa dhaifu, mtu humkabidhi Mungu mapema na moyo ukajizoeza. Wa Takyiwaa walizaliwa wazito, mapaja yamejikunjakunja, wakanyonya vizuri na kumchekea kila aliyewainamia. Halafu, mwezi wa nne au wa tano, kinywa kikaota utando mweupe, kikohozi kikaingia, tumbo likafunguka, na yale mapaja yakabaki ngozi inayoning'inia. Watatu walikwenda hivyo. Binti peke yake, Pokuaa, aliyezaliwa katikati yao, alistawi kama mgomba wa karibu na bafu.

Nilikuwa nikifanya naye kazi katika ua mmoja. Sisi wa Ntonso riziki yetu ni rangi: tunaponda magome ya mti kwenye vinu, tunayachemsha mpaka maji yawe meusi mazito, na kwa rangi hiyo tunapiga chapa vitambaa vya msiba. Mumewe, Agyapong, ndiye aliyetuchongea mihuri ya vibuyu. Takyiwaa alikuwa na mikono myeusi mpaka viwikoni na mdomo wa kuchekesha watu. Mnunuzi akilalamika kwamba rangi inachuja, alimwambia, "Baba, hata wewe ukifuliwa kila wiki utachuja."

Baada ya mvulana wa tatu kufa, alipunguza maneno. Wengine ndio walioongeza.

Mama yake mzazi, Eno Nsiah, naye alikuwa amezika watoto wa kiume enzi zake, wote, akabaki na Takyiwaa tu. Frema, dada yake Agyapong, alilisema waziwazi kisimani: "Mchawi hali kwa jirani, hula kwao. Bibi yule alimaliza wake, sasa anamalizia wa bintiye." Na kwetu, ambako damu ya mtu ni ya mama yake na ukoo wake ni wa mama yake, neno hilo lina pa kushika. Takyiwaa alilikataa kwa miaka. Siku waliyomzika wa tatu, Eno alikuja na chungu cha supu kichwani. Takyiwaa alimzuia mlangoni.

"Mama, tafadhali, rudi nayo."

"Ni supu tu, mwanangu. Hujala tangu jana."

"Rudi nayo. Usinipikie tena."

Eno akageuka na chungu chake. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Hata kanisani, mmoja alikaa upande huu, mwingine ule.

Mvulana wa nne alipozaliwa, Frema akasema safari hii kifo kitadanganywa. Wakafanya kama wazee wetu walivyofanya: mtoto akapelekwa jaani akiwa amefungwa kwenye kitambaa kikuukuu, muuza uji aliyekuwa akipita akajifanya amemwokota, na Takyiwaa akamnunua kwa ndizi mbili. Alichanjwa alama ndogo shavuni ili awe na kasoro. Wakamwita Sumina, yaani jaa la takataka. Mauti yana haja gani na takataka?

"Takataka gani hii yenye mashavu namna hii!" wanawake walisema wakimpokezana. "Nipe nami nikaitupe kwangu!"

Sumina alicheka mapema kuliko kaka zake. Agyapong akithubutu kumbeba, mtoto alimkamata pua na kung'ang'ania. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita. Takyiwaa alianza tena kuwatania wanunuzi.

Kisha asubuhi moja, tukiwa tunaponda, akamlaza mapajani kumnyonyesha, na mtoto akaliachia titi akilia. Takyiwaa akamfungua kinywa kwa kidole. Ule utando mweupe ulikuwapo. Akanyanyua macho kunitazama, na sikuwa na haja ya kuuliza. Tulipomvua nguo kumkagua, tukaona kwapani, chini ya bega alilochanjwa chanjo ya kifua kikuu, pamevimba kiasi cha yai la kanga.

Safari hii hakungoja. Tulikwenda naye Kumasi, mimi nikibeba nepi na yeye mtoto, mpaka hospitali kwenye wodi ya watoto, na huko tukapokelewa na Daktari Badu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimpima Sumina kwa makini, akachukua damu, akaagiza picha ya kifua. Majibu yalipokuja alituita chumbani kwake akafunga mlango.

"Mama Pokuaa, mtoto huyu ana ndugu waliokufa?"

"Watatu."

"Wavulana?"

"Wavulana."

"Na upande wa mama yako?"

Takyiwaa akainama. Nilijibu mimi: "Mama yake naye alizika wavulana watupu."

Daktari akaiweka kalamu mezani. Akaisogeza ile picha kwenye mwanga.

"Nitakueleza polepole, na usipoelewa unikatishe. Damu haianzii moyoni. Inaanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho, ule mnaounyonya mkila mfupa wa mbuzi. Humo mna seli mama, zinazaa bila kupumzika. Watoto wake mwanzoni wote wanafanana, huwezi kusema huyu atakuwa nani. Wengine wanageuka wekundu, wanabeba pumzi. Wengine wanakuwa walinzi wa kupigana na maradhi. Kati ya hao walinzi kuna kundi linalotoka mfupani likiwa bado changa, linasafiri mpaka hapa." Akagusa kidari chake. "Nyuma ya mfupa huu kuna tezi ndogo. Humo ndimo wanamokomaa. Wanajifunza kumtambua adui, na wanajifunza kutomdhuru mwenye mwili. Wengi wanashindwa na wanafia humohumo. Wanaofaulu ndio wanaotoka kwenda kulinda."

"Na wa Sumina?"

"Wa Sumina hawakomai. Mwili unawaita wakue, na wito upo, lakini seli zake zimezaliwa bila sikio la kuusikia. Zinaanza, halafu zinafifia. Tazama. Kwa mtoto wa umri wake, tezi ingeonekana hapa kama kivuli. Kwake hakuna kitu."

Takyiwaa aliitazama ile picha muda mrefu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Mbona alikuwa mzima miezi yote ile?"

"Alikuwa akiishi kwa kinga yako. Ulimpa akiwa tumboni, na sasa imekwisha."

"Na kwapani?"

"Ile chanjo ina vijidudu vilivyodhoofishwa. Mtoto mwingine yeyote anavishinda, na ndivyo mwili wake unavyojifunza. Pokuaa wako si alichanjwa, na ni mzima? Huyu hana wa kuvishinda. Naogopa vimeshafika mapafuni. Hakuna aliyekosea, mama. Hakuna aliyejua."

"Imetoka wapi hii?"

"Inapitia kwa mama. Wewe una nakala mbili za urithi huo, moja nzima, moja mbovu. Ile nzima inakutosha. Mvulana anapata moja tu kutoka kwako, na ikiwa ndiyo mbovu, hana ya kumwokoa. Wewe nawe, kwa historia hii, uliipata kwa mama yako."

"Kwa hiyo si uchawi," Takyiwaa akasema.

"Si uchawi."

Nilidhani atafurahi. Alijifunika uso kwa ncha ya kanga na mabega yakaanza kutikisika, na Sumina, aliyekuwa mgongoni mwangu, akaanza kulia naye.

Daktari alitaka damu ya ndugu wote wa karibu. Nilitumwa mimi kwa Eno Nsiah. Nilimkuta anabambua karanga uani, peke yake, redio ikiongea. Aliponiona alisimama.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Eno. Sumina anaumwa. Daktari anataka damu yako."

Akanitazama. "Miaka hii yote wanasema nakunywa damu za watu, leo wanaitaka yangu?" Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kitambaa chake kizuri cha sikukuu, tukaondoka.

Takyiwaa alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Alipomwona mama yake alishuka mpaka sakafuni akamshika miguu. Eno alisimama wima, mkono mmoja hewani, kana kwamba hajui auweke wapi. Mwishowe akauweka kichwani mwa bintiye.

"Inuka. Sakafu ya hospitali ina vidudu, utampelekea mtoto."

Daktari Badu alimweleza upya, kutoka mwanzo, mfupa, seli mama, tezi, sikio. Eno alisikiliza kidevu kikiwa juu ya fimbo. Daktari alipofika mwisho, bibi akasema:

"Kwa hiyo ni mimi kweli."

"Hapana, bibi, si kosa lako. Hukufanya lolote."

"Umesema imetoka kwangu, ikapita kwa binti yangu, ikamfikia mtoto. Hayo ndiyo waliyoyasema wao. Wao waliita uchawi. Wewe unaitaje?"

Daktari akamtajia jina la ugonjwa, refu, la kizungu.

"Jina lako ni zuri zaidi," Eno akasema. Kisha akauliza, "Na mimi nilipewa na mama yangu?"

"Inawezekana sana."

"Alikuwa mwema, mama yangu," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Sumina akawekwa chumba cha peke yake mwisho wa korido. Aliyeingia alinawa, akavaa kitambaa cha mdomo na joho la hospitali. Takyiwaa aliruhusiwa kumshika lakini si kumbusu. Siku za kwanza mtoto aliogopa ile sura isiyo na mdomo, akalia mpaka aliposikia sauti, ndipo akatulia akimtazama machoni. Agyapong, aliyekuwa na kikohozi cha vumbi la vibuyu, hakuruhusiwa kuingia kabisa. Alisimama nje ya kioo.

"Sumina! Takataka wewe! Nani kakwambia watu wanalala saa hizi?"

Mtoto alikuwa akigeuza kichwa kuitafuta sauti. Agyapong akibandika pua kwenye kioo, mtoto aliinua mkono, akaurudisha.

"Anataka pua yangu," Agyapong aliniambia. "Nami nimesimama nayo huku kama mjinga."

Dawa moja tu ilikuwapo, Daktari alisema. Mtoto apewe uboho wa mtu mwingine. Seli mama za huyo mtu zingeingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida, na zenyewe zingekwenda mifupani, zikatulia huko, zikazaa, na watoto wa seli hizo, wenye masikio, wangekwenda kwenye ile tezi kukomaa. Aliye bora ni ndugu wa tumbo moja, akifanana naye. Na ndugu ni mmoja, Pokuaa.

Pokuaa alikuwa darasa la tatu, mtoto wa maswali. "Zikiingia kwenye mshipa, zinajuaje njia ya kwenda mifupani?"

"Mifupa inatoa kitu kama harufu, nazo zinakifuata," Daktari akamjibu.

"Kama mbuzi wa mzee Amoako anavyofuata maganda ya muhogo."

"Kama mbuzi wa mzee Amoako," Daktari akakubali, ingawa hakuwahi kumwona mbuzi huyo.

Damu ya Pokuaa ilipelekwa nje ya nchi kupimwa. Kabla ya hapo Daktari alituonya: katika ndugu wanne, kwa kawaida mmoja ndiye hufanana. Tulingoja. Tuliponda magome, tukachemsha, tukapiga chapa vitambaa vya misiba ya watu, na kila simu ilipolia uani michi yote ilisimama. Kina mama wa kanisa na ukoo wakakubaliana kuchanga pesa, ili safari yoyote itakayohitajika isikwame. Pokuaa naye, bila kuambiwa na mtu, alianza kwenda kwa muuza nyama kuomba mifupa. Nilimkuta anagonga mfupa kwa jiwe, anaunyonya, uso umemchafuka mafuta.

"Nautia uboho wangu nguvu," akasema. "Ili wakichota wangu usiishe."

Majibu yalifika mchana, Takyiwaa akiwa wodini, mimi na Eno tukiwa tumemletea chakula. Daktari Badu alikuja mwenyewe.

"Wanafanana," akasema. "Pokuaa na Sumina. Wanafanana kabisa."

Tulipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Eno alicheza pale koridoni, hatua mbili tatu za kizee, fimbo juu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba Daktari hachezi. Alisubiri tukanyamaza.

"Kuna hospitali moja kusini mwa Afrika imekubali kumpokea. Ila tangu jana usiku Sumina anapumua kwa oksijeni. Hawezi kupanda ndege hivi. Lazima kwanza mapafu yatulie."

"Yatatulia lini?" Takyiwaa akauliza.

"Tunampa dawa zote tulizonazo."

Akageuka, akarudi chumbani kwa Sumina.

Zikaja siku za ajabu. Dawa yake ilikuwa pale pale, ndani ya mifupa ya msichana aliyekaa kwenye benchi akibembeza miguu. Pokuaa alimvizia Daktari mlangoni.

"Si mnitoboe hapahapa? Mimi siogopi sindano."

Daktari Badu akachuchumaa. "Kuutoa, pengine tungeweza. Kumlinda baada ya hapo ndiyo hatuwezi. Seli zako zitahitaji miezi mingi kukua ndani yake, zikue kama zilivyokua kwako ulipokuwa mchanga. Na zikiamka leo zikakuta mapafu yamejaa vijidudu, zitavivamia vyote kwa pamoja, na pumzi yake ni ndogo, haitahimili vita hivyo."

"Kwa hiyo ninao na siwezi kumpa."

"Sasa hivi, huwezi."

Pokuaa alirudi kwenye benchi. Baadaye niliona amekunja mguu, anajibonyezabonyeza mfupa wa goti kama anayekagua embe.

Kuna asubuhi tuliambiwa Sumina amepata nafuu kidogo, wakapunguza oksijeni, Takyiwaa akanituma nyumbani kumletea sanduku la safari. Nilipolileta, walikuwa wameshaipandisha tena. Lile sanduku lilikaa chini ya kitanda.

Sumina alikuwa hana tena nguvu ya kulia. Alilala macho wazi, akifuata vidole vya mama yake vilivyokuwa bado na weusi kwenye kucha, rangi ambayo sabuni yote ya hospitali ilishindwa kuitoa. Asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda na wachuuzi wa mkate wakipiga kelele nje ya uzio, muuguzi alikuja akamwita Daktari, na Daktari akatazama mashine, akamtazama mtoto, kisha akanyoosha mkono akamfungua Takyiwaa ile kamba ya kitambaa cha mdomo, nyuma ya sikio.

"Sasa unaweza kukivua, mama."

Takyiwaa hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimbusu. Alimbusu paji, macho, ile alama ya shavuni, viganja. Agyapong naye akaruhusiwa kuingia na kikohozi chake. Aliinama akaipeleka pua yake mpaka kwenye ule mkono mdogo, akauzungushia vidole yeye mwenyewe. Walikaa hivyo mpaka mwisho.

Kwetu mtoto mchanga hafanyiwi matanga. Hakuna vitambaa vyeusi, hakuna ngoma, na mama anaambiwa asilie, anywe supu, ajiandae kuzaa mwingine. Sisi wa Ntonso, tunaovisha msiba wa nchi nzima, tulimzika Sumina bila kipande cha kitambaa chetu. Takyiwaa alikuja kazini wiki iliyofuata, akaponda gome mpaka mchi ukapasuka.

Frema alikwenda kwa Eno Nsiah na watu wawili wa ukoo kuomba radhi kama inavyotakiwa. Alisema mengi, akapiga magoti. Eno alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimekusikia," akasema, na wakaaga.

Siku hizi Eno anakaa na bintiye. Anapika, na Takyiwaa anakula. Hakuzaa tena. Agyapong ukoo wake walimshauri atafute mke mwingine, akawaambia wakamtafutie na pua nyingine kwanza, wakaondoka wakisema amechanganyikiwa.

Kabla hatujaondoka hospitali, Daktari Badu alikuwa amemwita Takyiwaa pembeni. Pokuaa naye anaweza kuwa ameubeba ule urithi. Ni nusu kwa nusu. Akiwa mtu mzima apimwe, akitaka mwenyewe. Na iwe amepimwa au hakupimwa, akija kuzaa mvulana, mtoto aletwe siku hiyohiyo, kabla ya ile chanjo, kabla hajashikwashikwa na watu, kwa sababu anayejulikana mapema ana nafasi ambayo Sumina hakuipata. Takyiwaa aliyakariri maneno hayo mpaka mimi nami nikayajua.

Alimwambia bintiye alipovunja ungo. Tulikuwa uani, rangi inatokota. Pokuaa alisikiliza akikoroga.

"Kwa hiyo nikizaa mvulana?"

"Sijui, mwanangu."

"Na ule uboho wangu, waliosema unafanana naye. Ungemfaa na mtoto wangu?"

"Sijui. Hilo sikuuliza."

Pokuaa akaendelea kukoroga. Sasa ana miaka ya kuchumbiwa, na kijana mmoja wa Mampong ameshaanza kupitapita akijifanya anatafuta vitambaa. Kama atakwenda kupima, hajasema. Mama yake ameshindwa kumuuliza. Mara mbili nimemwona akifungua mdomo kuanza, kisha akaomba apewe ungo wa magome.